Leza Imefifia: Ni Betri, Waya, au Dayodi Imeungua?

(Muziki wa kufungulia, kisha unashushwa.)



Leo tunajibu barua ya kijana anayetengeneza simu na redio karibu na soko. Alitoa leza kwenye deki ya DVD iliyokufa, akaifunga ndani ya tochi ndogo ili mwalimu wake wa masomo ya jioni aonyeshee maneno ubaoni. Siku mbili ilipiga nukta nyekundu kali. Baadaye waya ukakatika, akauchomelea tena, na betri zake 3 ndogo zilipoisha akaweka betri ya simu. Tangu hapo inatoa wekundu hafifu kama kaa la sigara. Anauliza kama dayodi, yaani kile kidude kinachotoa mwanga, imeungua.

Kabla ya jibu, ombi moja. Usichungulie kwenye tundu lake kuona kama inawaka. Ielekeze kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, ukae mita 2 au zaidi, na uangalie karatasi. Usitumie kioo, sahani ya bati wala kitu chochote kinachong'aa. Sababu inakuja.

Anza na kilicho rahisi. Futa vumbi kwenye chuma kinachogusa betri, na ukwangue kutu. Kama una mita ya fundi, pima betri wakati leza imewashwa. Betri iliyochoka husoma volti nzuri ikiwa imepumzika, ukiipa kazi inaanguka.

Halafu lenzi. Mwanga unapotoka kwenye dayodi hutawanyika, na lenzi ndiyo inayoukusanya kuwa nukta. Lenzi ikisogea kidogo tu, mwanga wote upo lakini umeenea ukutani kama kiganja, na wewe unadhani umepungua. Isogeze mbele na nyuma taratibu huku ukiangalia karatasi. Nukta ikikaza na kung'aa, kazi imeisha, funga tochi yako.

Ikiwa bado, tuzungumze juu ya umeme wenyewe. Dayodi ya leza ni kama bomba letu la kupampu kwa mkono. Unapampu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, maji hayaji. Yakishafika mdomoni, kila pampu inatoa maji. Leza nayo ina kiwango cha umeme ambacho chini yake inatoa wekundu dhaifu wa taa ya kawaida. Ikivuka kiwango hicho ndipo inakuwa leza. Kwa dayodi nyingi ndogo nyekundu kiwango hicho kiko kwenye miliampia 20 na kitu. Tofauti ya miliampia 5 au 6 inaweza kutenganisha nukta kali na kaa la sigara.

Tumfanyie hesabu ndugu yetu. Betri ya simu iliyojaa ina volti 4.2. Dayodi nyekundu inabaki na volti kama 2.2. Zinabaki 2, nazo lazima zimalizwe na rizista. Ukitaka miliampia 30, gawanya 2 kwa 0.03, unapata omu 67. Dukani utapata ya omu 68. Sasa betri hiyohiyo ikishuka hadi volti 3.7, inayobaki ni 1.5, na ukigawanya kwa 68 unapata miliampia 22 tu. Leza inafifia na hakuna kilichoharibika. Chaji betri uone.

Ila barua haitaji rizista popote, na hapo ndipo nina wasiwasi. Leza nyingi za bei rahisi hutegemea vibetri vidogo vya kitufe ambavyo vyenyewe haviwezi kusukuma umeme mwingi. Betri ya simu haina huruma hiyo. Ukiiunga moja kwa moja, umeme unaingia kwa wingi, mwanga unazidi, na mwanga huohuo unaunguza vioo vidogo vilivyo kwenye ncha za dayodi. Vioo hivyo huvioni kwa macho. Hakuna moshi, hakuna harufu. Dayodi inaendelea kula umeme na kutoa wekundu, lakini haiwi leza tena.

Umeme tuli nao unaua hivyohivyo. Ni ule unaotoa cheche ukivua sweta ya nailoni wakati wa kiangazi. Wewe unaona cheche ndogo, kwa dayodi ni radi. Wakati wa kuchomelea, zungushia miguu yote ya dayodi waya mwembamba wa shaba, gusa kwanza chuma kilichofika ardhini, na usiache moto kwenye mguu zaidi ya sekunde 2 au 3. Kama unachomelea kwa msumari uliopashwa kwenye mkaa, mimi nakushauri uazime chuma cha fundi. Msumari hujui joto lake.

Utajuaje kwamba imekufa? Pitisha umeme kwenye mita, ikiwa imeungwa katikati ya njia. Ikisoma miliampia 25 mpaka 30 na mwanga bado hafifu, angalia karatasi. Nukta ya leza nzima ina chengachenga zinazometameta unaposogeza kichwa, kama mchanga kwenye jua. Nukta ya dayodi iliyoungua ni laini, haina chenga. Umeme upo, chenga hakuna, basi hiyo imekufa. Haitengenezeki. Ukiiongezea umeme unamaliza betri bure.

Sasa sababu ya lile ombi. Deki inacheza DVD na CD, kwa hiyo ndani yake kuna leza mbili, na mara nyingi zimekaa kwenye kidude kimoja chenye miguu 3. Ya DVD ni nyekundu. Ya CD inatoa infraredi, mwanga ambao jicho karibu halioni kabisa: utaona wekundu wa mbali sana, hafifu. Ndugu yetu alichomelea waya upya. Ikiwa amekosea mguu, leza yake inafanya kazi vizuri kabisa, na mwanga unaotoka ni mwingi kuliko anaouona. Jaribu kwa kamera ya simu. Bonyeza rimoti ya televisheni mbele ya kamera ya selfi. Ukiona taa yake inawaka kwenye skrini, kamera hiyo inaona infraredi. Kisha ielekeze kwenye karatasi ukutani, usiielekeze kwenye leza yenyewe. Nukta ikitokea nyeupe au zambarau yenye nguvu wakati macho yako yanaona kidogo, umeunga mguu wa CD. Zima.

Jicho hufumba lenyewe likipigwa na mwanga mkali. Kwa mwanga lisiouona, halifumbi. Na pazia la nyuma ya jicho haliumi, kwa hiyo mtu hasikii kitu mpaka aone doa katikati ya anachotazama. Mtoto akipata doa hilo, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Usimtie dawa ya majani wala maziwa.

Leza iliyotoka kwenye kompyuta inayochoma CD na DVD usiiwashe kabisa kwa kazi hii. Ya kuonyeshea ubaoni inatakiwa iwe chini ya miliwati 5. Ile inaweza kuwa na miliwati 100 na zaidi.

Na usiku msiwape watoto. Hapa kuna watu ambao wakiona nukta nyekundu ukutani mwa nyumba yao hawafikirii mchezo. Wanafikiria bunduki.

Kwa ndugu mwenye barua: chaji betri, weka rizista ya omu 68, hakiki mguu, kisha tafuta zile chenga. Zisipoonekana, mwambie mwalimu fimbo ya mwanzi inafika ubaoni vilevile, mpaka upate deki nyingine.

(Muziki.)