Pendekezo la utafiti: Swali dogo lenye jibu lashinda mada kubwa

Pendekezo la utafiti likirudishwa na msimamizi mara ya pili au ya tatu, mwanafunzi wa uzamili hulipa karo ya muhula mwingine huku kazi haijasonga. Mara nyingi kasoro haiko katika Kiingereza chake wala mpangilio wa kurasa. Iko kwenye kichwa cha utafiti: ni kipana mno.

Mfano mzuri ni korosho, zao ambalo wakazi wa Kilifi wanalifahamu. Kichwa kama "Changamoto za kilimo cha korosho nchini Kenya" chasikika vizuri, lakini mtu mmoja hawezi kukitafiti kwa miezi sita. Ndani yake mna miche, magonjwa, bei, viwanda na sheria, tena katika kaunti kadhaa. Kikipunguzwa, huzaa swali: kwa nini wakulima wa wadi fulani huwauzia madalali korosho ghafi shambani hata pale chama cha ushirika kinaponunua? Swali hilo lina mahali na lina watu wa kuulizwa, na jibu lake laweza kumshangaza hata anayeuliza. Kama jibu linajulikana tayari, hakuna haja ya utafiti.

Sehemu ya taarifa ya tatizo ndiyo wengi huijaza malalamiko. Kusema wakulima ni maskini hakutoshi. Kinachotakiwa ni kuonyesha linalojulikana, kisha lile ambalo bado halijajulikana. Inajulikana kwamba mwaka 2009 Kenya ilipiga marufuku kuuza korosho ghafi nje ya nchi ili ziongezewe thamani humu nchini. Je, waliotafiti baada ya hapo walimwuliza mkulima anavyoamua pa kuuzia? Kama hawakumwuliza, hilo ndilo pengo, na kazi ya mapitio ya maandishi ni kumfikisha msomaji kwenye pengo hilo. Kuorodhesha kwamba fulani alisema hivi na fulani akasema vile ni kujaza karatasi tu.

Malengo mawili au matatu yatosha, na kila lengo lioane na mbinu yake. Anayetaka kujua sababu za mkulima hawezi kutegemea hojaji ya kuweka tiki pekee. Itambidi aketi naye amsikilize, ikibidi kwa Kigiriama.

Kuhusu sampuli, vyuo vingi hutumia fomula ya Yamane. Kwa wakulima 400, ukikubali kiwango cha kosa cha asilimia 5, fomula hiyo hutoa watu 200. Hesabu yenyewe ni rahisi. Jopo litakachouliza ni hiyo 400 imetoka wapi: sajili ya chama, afisa wa kilimo wa wadi, au kichwani mwa mwandishi? Chanzo kiandikwe.

Bajeti na ratiba huonyesha kama mwandishi anaijua nyanjani. Nauli ya bodaboda, malipo ya msaidizi na gharama ya kuchapisha hojaji ziwemo. Anayepanga kukusanya data Aprili na Mei akumbuke mvua za masika, wakati barabara za mashambani huharibika na wenyeji wana kazi ya kupanda.

Pendekezo likishapitishwa na chuo na kukaguliwa na kamati ya maadili, mtafiti huomba leseni mtandaoni kwa Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi (NACOSTI), chini ya sheria ya mwaka 2013. Kabla ya kuanza kazi, huijulisha ofisi ya Kamishna wa Kaunti, Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti na serikali ya kaunti. Hatua hizi huchukua wiki kadhaa, kwa hivyo ziwekwe kwenye ratiba tangu mwanzo.

Majina, nambari za simu na picha za wanaohojiwa zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Pendekezo lieleze zitahifadhiwa wapi, nani atazifikia na zitafutwa lini. Mkazi anayeombwa kujibu maswali anaweza kuomba kuonyeshwa leseni, kuelezwa majibu yake yatatumiwaje, na kukataa bila kutoa sababu. Haya yote yaandikwe kwenye fomu ya ridhaa, kwa lugha anayoielewa, na fomu hiyo iambatishwe kwenye pendekezo.