Mtoto Mkimya Huenda Hajatulia

Tuchukue mfano. Mtoto wa miaka miwili amefiwa na mama yake. Kwanza anakaa kwa shangazi Sirari, baadaye kwa baba mdogo Nyamongo, kisha anapelekwa kwa bibi karibu na Mugumu. Halii, hadai kitu, humwendea yeyote amwitaye. Majirani humsifu kwamba ana adabu. Lakini huenda hiyo si adabu. Huenda mtoto amechoka kumwita mtu asiyekuja.

Kulea mtoto wa ndugu si jambo geni katika wilaya za Tarime na Serengeti, nayo ni desturi njema. Hata hivyo, chakula, chanjo na chandarua peke yake havitoshi. Mtoto mdogo anahitaji mtu wake wa kumkimbilia akianguka, akiogopa au akiamka usiku. Akiwa naye, hupata ujasiri wa kucheza na kujifunza.

Jambo hili lilichunguzwa ng'ambo ya ziwa letu. Mwaka 1954 na 1955, mtaalamu Mary Ainsworth alitembelea familia 26 za Waganda vijijini karibu na Kampala. Aliona kwamba watoto waliotulia walikuwa na mama waliowafahamu vizuri. Tena, baadhi ya watoto walishikamana pia na baba au bibi. Basi si damu peke yake inayomfunga mtoto kwa mlezi, bali matunzo ya kila siku.

Mlezi afanye nini?

1. Mtu mmoja awe mlezi mkuu. Wengine wasaidie, lakini yeye ndiye amwogeshe, amlishe na kulala karibu naye.

2. Akilia, mwitikie. Kumbeba mtoto anayeogopa si kumdekeza.

3. Usimtoroke. Ukienda shambani au mnadani, muage, mwambie utarudi, na urudi kweli.

4. Usimbadilishe jina. Kama ipo kanga ya mama yake, mwachie. Ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe ikiwezekana.

5. Usimtishe kwa kusema, "Nitakurudisha kwenu." Hilo ndilo analoliogopa kuliko fimbo.

6. Uwe na subira. Anaweza kukojoa kitandani, kuficha chakula au kukukataa kwa miezi kadhaa. Usimchape. Anapoanza kukulilia ukitoka, usikasirike: ni dalili kwamba ameanza kukuona kuwa mtu wake.

Mtoto asiyetaka kula, anayekonda, asiyecheza au asiyegeuka akiitwa apelekwe kliniki mapema. Pengine ni mgonjwa au hasikii vizuri.

Anayetaka kumlea mtoto asiye wa ukoo wake amwone kwanza afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Malezi hayo, yaitwayo malezi ya kambo, yamewekwa katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Ukiona mtoto anateswa, piga simu namba 116, bila malipo.

Wazee wanapokaa kikao baada ya msiba, huulizana nani ana chumba na nani ana chakula. Ni maswali ya haki. Lakini waulize pia: ni nani kati yetu atakayekuwepo nyumbani mtoto huyu akilia, leo, kesho na mwaka ujao? Huyo ndiye apewe mtoto, na wengine wamsaidie unga.