Gari ndogo yenye nguvu kwa ajili ya bibi: kabla ya kuangalia injini, tazama volani iko upande gani

LUBUMBASHI – Mume akisema anataka kumnunulia bibi yake gari katika mji huu, majirani hawana haja ya kuuliza ni gari gani. Itakuwa Vitz, ama IST, ama Passo, iliyotoka Japani kwa meli mpaka Dar es Salaam, ikavuka Zambia na kuingia Kasumbalesa, volani ikiwa mkono wa kuume. Ni gari za akili. Hazili esanse nyingi, vipuri vyake havikosekani, na fundi wa mtaani anazifungua akiwa amefumba macho.

Lakini si kila mwanamke anafurahi kupewa teksi iliyokosa tu rangi ya teksi. Kule Kinshasa, IST imebeba watu barabarani mpaka ikapewa jina lake yenyewe, Ketch, na jina hilo limeshikana na habari za abiria wanaoporwa ndani ya gari. Wako wanawake wanaopenda kuendesha, wanaojua gari nzito na gari nyepesi, na wanaotaka kitu chenye nguvu kidogo bila kupoteza nafasi ya watoto na mizigo ya sokoni. Gari za namna hiyo zipo. Shida ni kwamba mume mara nyingi anaichagua peke yake, kwenye simu, kwa kutazama picha.

Tuchukue mfano wa nyumba moja ambayo wengi wataitambua. Baba anafanya kazi mgodini Kolwezi na kurudi mwisho wa juma. Mama ni muuguzi, anaishi Kampemba na watoto wawili. Asubuhi anawapeleka shule, kisha anaingia kazini, jioni anapita sokoni. Mara moja kwa mwezi, ni yeye anayepanda kwenda Kolwezi pamoja na watoto. Alijifunza kuendesha kwa gari ya vitesi vya mkono, na hapendi kuendeshwa.

Kwa mama huyo, nguvu ya injini si mapambo. Njia ya Kolwezi kupitia Likasi ina kilometa karibu 300, na ndiyo inayobeba malori ya shaba na kobalti kuelekea mpakani. Kila safari ni kazi ya kupita malori. Hesabu yake ni rahisi. Lori linakwenda kilometa 60 kwa saa. Gari ndogo ya injini ya lita 1, yenye nguvu za farasi karibu 70, imejaa watu na mizigo, inajikokota kulipita kwa mwendo wa wastani wa 80. Ili kuondoka nyuma ya lori na kurudi mbele yake kwa usalama, inahitaji kulizidi kwa mita 50 hivi: hizo ni sekunde 9 katika upande wa wengine. Gari inayofikia wastani wa 90 inamaliza kwa sekunde 6. Ukiongeza gari inayokuja mbele kwa mwendo wa 80, ya kwanza inahitaji njia tupu ya mita 400, ya pili chini ya mita 300. Mita hizo zaidi ya 100 ndizo zinazotofautisha kufika na kutofika.

Basi mume anayetafuta gari yenye mbio kwa ajili ya bibi yake hafanyi ujinga. Ujinga unaanza pale anapolipia farasi na kusahau macho.

Sisi katika Kongo tunatembea upande wa kuume wa barabara. Gari ya Japani imetengenezwa kwa watu wanaotembea kushoto. Dereva wake, akiwa kwetu, anakaa upande wa majani, nyuma kabisa ya kisigino cha lori. Ili aone kama njia ni tupu, ni lazima atoe karibu gari nzima katika njia ya wanaokuja. Wengi wanamtegemea aliyekaa kiti cha kushoto awaambie: pita, ngoja, pita sasa. Kwa mama anayesafiri na mtoto wa miaka minane kando yake, hiyo si njia ya kuamua mambo ya uhai. Gari ya farasi 120 yenye dereva asiyeona ni ya hatari kuliko ile ya farasi 70 inayosubiri nyuma ya lori mpaka Likasi.

Kuna na jambo la taa, ambalo wauzaji hawalisemi. Taa ya chini ya gari ya Japani imetengenezwa ili mwanga wake upande kidogo upande wa kushoto, kumulika ukingo wa njia na watu wa miguu. Huku kwetu, kushoto ndiko wanakotoka wengine. Ndiyo maana usiku, gari ambayo haikuwasha taa kubwa inakupofusha vilevile. Fundi anaweza kuishusha kidogo, lakini umbo la mwanga linabaki la Kijapani, na ukingo wako wa kuume, pale wanapotembea watu na baiskeli za makala, unabaki gizani.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mume huyu si Honda ama Suzuki. Ni hili: bibi atakwenda wapi na gari hii? Kama maisha yake yote ni Kampemba, mjini kati, Kenya na Katuba, volani ya kuume inavumilika, na karibu mji mzima unaishi nayo. Kama Kolwezi ama Kasumbalesa imo katika ratiba yake, pesa za kwanza ziende katika volani ya kushoto, hata kama itabidi kuchukua gari ya zamani kidogo ama kungoja miezi miwili zaidi.

Katika gari za mjini, mbili zinastahili kutazamwa kabla ya nyingine. Ya kwanza ni Vitz RS ya injini ya lita 1,5. Kwa nje inaonyesha ukali, lakini injini yake, 1NZ-FE, ni ndugu wa ile iliyo katika Probox, IST na Corolla nyingi. Ndiyo siri yake: farasi kama 110 katika gari nyepesi, na kila kitu cha injini kinapatikana bila kuagiza mbali. Ya pili ni Honda Fit RS iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2007, lita 1,5 na farasi 120. Honda waliweka tangi ya esanse chini ya viti vya mbele, na kwa hiyo viti vya nyuma vinalala kabisa, ama makalio yake yanainuka kama kiti cha sinema. Mfuko wa unga, baiskeli ya mtoto, hata mti wa maua uliosimama, vyote vinaingia. Hakuna gari ndogo ya wakati wake iliyofikiri vizuri kuliko hiyo kuhusu mizigo. Anayeichukua bila vitesi vya mkono ajue kwamba gia yake ya CVT inadai mafuta maalum ya Honda. Fundi akimimina yoyote aliyonayo, itaanza kutetemeka wakati wa kuondoka, na matengenezo yake yanauma.

Kwa upande wa volani ya kushoto, jina ni Suzuki Swift Sport, ile iliyouzwa Ulaya. Zile za kizazi cha 2005 na cha 2011 zina injini ya lita 1,6 isiyo na turbo, farasi 125 kisha 136. Inashika barabara kama gari ya bei mara mbili yake. Kofre yake ni ndogo, hilo halifichiki: safari ya Kolwezi na watoto wawili inataka mabegi laini na mpangilio. Yaris ya Ulaya, ndugu wa Vitz, ina nafasi zaidi na ukali kidogo.

Swift Sport ya tangu 2017 ni gari nzuri zaidi kwenye karatasi: lita 1,4 yenye turbo, farasi 140, na uzito wa kilo 970 tu kwa ile ya vitesi vya mkono. Lakini ya Japani iko chini kiasi kwamba kuna milimita 120 tu kati ya tumbo lake na udongo, na imevaa matairi ya 195/45 R17, yaani mpira mwembamba juu ya chuma kikubwa. Shimo moja la mwezi wa kwanza, lililojaa maji ya mvua, linapinda chuma hicho. Tena turbo inataka esanse safi na ya nguvu. Anayejaza mara kwa mara kwa kadhafi, kutoka chupa iliyokaa juani, asinunue gari hiyo. Vivyo hivyo RunX: ile ya kawaida ina injini ya 1,5 isiyo na makuu, ila ile ya Z, yenye farasi 190, ni mnyama mwingine kabisa, inayodai esanse ya juu na jicho la kila wiki kwenye kipimo cha mafuta ya injini. Jina nyuma ya gari ni moja, maisha ni mawili.

Hata Vitz RS na Fit RS, ambazo matairi yake ni ya inchi 16, zinafaidika kuvishwa vyuma vya inchi 15 na mpira mnene zaidi, mradi kipenyo chote kibaki kilekile. Uzuri unapungua kidogo, amortiseri zinaishi zaidi. Na asiyejua la kufanya na dola mia chache zilizobaki, aziweke katika freni na matairi mapya kabla ya redio. Redio yenyewe, kwa gari ya Japani, inaanzia megaherzi 76 na nyingi zinaishia 90, kwa hiyo stesheni nyingi za hapa hazitasikika.

Kuna sehemu moja ya gari hizi ambayo haionekani na inaweza kuua. Ni mifuko ya hewa ya usalama, ile wengi wanaiita erbagi, iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani. Kadiri miaka na joto la unyevu vinavyopita, baruti iliyo ndani yake inaharibika, na gari ikigonga, kopo la chuma linaweza kupasuka na kurusha vipande usoni mwa dereva. Watu wamekufa katika nchi mbalimbali, mamilioni ya gari yakarudishwa kiwandani, na Takata ikafilisika mwaka 2017. Vitz na Fit za miaka hiyo zimo katika orodha. Gari iliyotoka Japani kabla ya kubadilishiwa kipande hicho ilikuja hapa nacho. Namba ya shasi inatosha: Toyota na Honda wana kurasa za Kijapani ambamo unaiingiza na kuona kama gari ilitengenezwa ama bado. Muuzaji anayekataa kutoa namba ya shasi kabla ya pesa amekwisha kujibu.

Karatasi ya mnada wa Japani nayo isomwe. Daraja 4 ama 4,5 ni gari iliyotunzwa. Herufi R ama RA ina maana ilikwisha gongwa na kutengenezwa. Gari za mbio, hata ndogo, zilinunuliwa na vijana, na vijana wanagonga.

Baada ya hayo yote, mama mwenyewe akae ndani. Si kwa kupiga picha. Aweke kiti mahali pake, akanyage klachi mpaka chini, aone kama goti halifiki kwenye volani. Arudi nyuma katika njia nyembamba, sababu kioo cha nyuma cha gari hizi ni kidogo. Apande na watoto wote nyuma, afunge milango. Swift na Vitz RS zina amortiseri ngumu. Mtu mwenye mgongo unaouma baada ya zamu ya usiku atajua ndani ya dakika kumi kama ataipenda ama ataichukia. Mume anayeficha gari ili iwe zawadi ya ghafla anapata machozi ya furaha siku moja na malalamiko miaka mitano.

Kisha linakuja jina katika karte rozi. Gari inaitwa ya mama, lakini mara nyingi inaandikwa kwa baba, ama kwa kaka ya baba aliyekwenda kuitoa duani. Sheria haimlazimishi mtu kufanya hivyo. Tangu mabadiliko ya Kanuni ya Familia ya tarehe 15 Julai 2016, mwanamke aliyeolewa hahitaji tena ruhusa ya mume wake ili afanye tendo la kisheria, na kununua gari kwa jina lake ni mojawapo. Siku baba anapofariki, watu wa kwao wanaweza kufika kabla matanga hayajaisha wakiulizia funguo. Mjane mwenye hati yenye jina lake ana neno la kusema mbele yao, na mbele ya hakimu ikifika huko. Asiransi na plaki zifuate jina hilohilo, na nakala ya hati zote ikae mahali ambapo mama anaijua, nje ya gari.