Mpango wa kupunguza uzito unaopikwa kwenye sufuria moja

Ukiwa umesomea lishe, swali utakaloulizwa msibani, harusini na kwenye daladala ni moja tu: "Nifuate mpango upi nipungue?" Kuna wa kuacha wanga kabisa, kuna wa kukaa saa 16 bila kula, kuna wa juisi za kijani siku 14, na kuna ile chai ya kukata tumbo inayouzwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Anayeuliza mara nyingi ana watoto watatu, mama mkwe ndani ya nyumba na jiko moja la gesi. Sasa hiyo mipango karibu yote imeandikwa kana kwamba mtu anaishi peke yake.

Kwanza tuone sayansi inasemaje kuhusu hilo neno "upi". Mwaka 2005, Michael Dansinger na wenzake huko Boston walichapisha utafiti wa watu 160 waliogawanywa kwenye mipango minne iliyokuwa inavuma Marekani: Atkins, Zone, Weight Watchers na Ornish. Baada ya mwaka mmoja, tofauti kati ya mipango ilikuwa ndogo. Kilichoendana na kupungua ni kiasi ambacho mtu aliufuata mpango wake, hata uwe upi. Mwaka 2018 Christopher Gardner wa Chuo Kikuu cha Stanford akaja na utafiti mkubwa zaidi, watu 609 kwa miezi 12. Waliopunguza mafuta walipungua wastani wa kilo 5.3, waliopunguza wanga kilo 6.0. Kitakwimu tofauti hiyo haina uzito (samahani kwa utani).

Kwa hiyo swali lenye maana ni: mpango gani nyumba yako inaweza kuufuata mwezi wa nane, ada za shule zikiwa zimeshagonga mlango?

Utasema, mbona jirani aliacha wali na ugali akapungua kilo mbili wiki ya kwanza? Ni kweli alipungua. Mwili huhifadhi wanga kwenye misuli na ini kwa umbo linaloitwa glaikojeni, kiasi cha gramu 400 hadi 500 kwa mtu mzima, na kila gramu hushika takriban gramu tatu za maji. Ukiacha wanga, akiba hiyo inatumika na maji yake yanatoka mkojoni. Mzani unashuka haraka, lakini mafuta ya kiunoni bado yapo pale pale. Akila pilau ya Jumapili, maji yanarudi na yeye anavunjika moyo bure. Chai za kukata tumbo nazo, nyingi zina sena, mmea unaoharisha. Unachopoteza chooni ni maji na chumvi za mwili. Hela nayo imekwenda.

Mafuta ya mwili huondoka polepole kuliko tunavyoahidiwa. Kwa miaka mingi watu walitumia kanuni iliyotokana na makala ya Max Wishnofsky ya mwaka 1958: punguza kalori 3,500, utapungua ratili moja, yaani karibu nusu kilo. Ukiifuata hesabu hiyo mbele bila kusimama, mtu anaisha kabisa! Kosa lake ni kwamba mwili mdogo unatumia nishati kidogo, hivyo kadiri unavyopungua ndivyo kasi inavyopungua. Kevin Hall na wenzake waliisahihisha mwaka 2011 kwenye jarida la Lancet. Kwa mtu mzima mwenye uzito uliozidi, ukipunguza kama kalori 24 kwa siku na ukabaki hapo, hatimaye utapungua kilo moja. Nusu ya mabadiliko hayo huonekana ndani ya mwaka mmoja, na karibu yote ndani ya miaka mitatu. Mimi naipenda kanuni hii kwa sababu inatupeleka moja kwa moja jikoni.

Tuchukue familia ya watu watano inayomaliza dumu la mafuta ya kupikia la lita 5 kwa mwezi. Ni lita moja kwa kila mtu, au mililita 33 kwa siku, ambazo ni gramu 30 hivi. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, kwa hiyo kila mmoja anapata takriban kalori 270 kwa siku kutoka kwenye dumu peke yake, kabla hujahesabu ugali, maharage wala chai. (Nadhani wote wanakula sawa na hakuna kinachobaki kwenye kikaango, jambo ambalo si kweli kabisa, ila linatosha kwa hesabu.) Dumu hilo likishuka hadi lita 3, kila mtu amepunguza kalori kama 110 kwa siku. Kwa kanuni ya Hall, mtu mzima asipozifidia kwa kitu kingine, hapo kuna kilo nne na nusu hivi, na zaidi ya mbili kati yake ndani ya mwaka wa kwanza. Hakuna aliyepikiwa chakula chake pembeni, na bajeti imepumua.

Njia yenyewe si ngumu: pima mafuta kwa kijiko badala ya kumimina kutoka kwenye dumu. Kijiko kimoja cha chakula ni kalori 120. Mchicha hauhitaji vijiko vinne. Baada ya mafuta, angalia sukari. Vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko viwili vidogo kila kimoja ni karibu kalori 100.

Hapa kuna tahadhari moja kubwa. Mtoto wa miaka mitatu si mtu mzima mdogo. Tumbo lake ni dogo, anakua, na mafuta ni njia rahisi ya kumpa nishati ya kutosha. Kwa hiyo sufuria ya wote ipikwe kwa mafuta kidogo, halafu nyongeza iende kwenye sahani ya anayehitaji: karanga zilizosagwa kwenye uji wake, kipande cha parachichi, yai. Mama anayenyonyesha naye anahitaji takriban kalori 500 za ziada kwa siku, asishindane na mtu. Kwa watu wazima, nusu ya sahani ikiwa mboga za majani, ugali ukabaki robo, na robo nyingine ikawa maharage, dagaa au samaki, shibe inakaa. Protini inashibisha kuliko wanga, na dagaa si chakula cha matajiri.

Jambo hili la kubadilisha jiko zima lina ushahidi pia. Amy Gorin na wenzake walifuatilia wanandoa 130 nchini Marekani, ambapo mmoja tu wa kila wawili ndiye aliyekuwa kwenye mpango. Baada ya miezi sita, karibu theluthi moja ya wenza wasioandikishwa walikuwa wamepungua asilimia 3 au zaidi ya uzito wao.

Kwetu kuna kikwazo ambacho vitabu vya Marekani havikitaji. Ukipungua kidogo tu, shangazi anauliza, "Mwanangu, unaumwa? Au huko kwako hamna amani?" Miaka ya UKIMWI ilitufundisha kuogopa kukonda, na mume wa mtu hataki majirani waseme hamlishi mkewe. Kwa hiyo zungumzeni ndani kabla hamjaanza, na wekeni lengo dogo. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, watu waliokuwa karibu kupata kisukari walilenga kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kutembea au kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Uwezekano wa kupata kisukari ulishuka kwa asilimia 58. Kwa mtu wa kilo 85, asilimia 7 ni kilo sita. Hapo shangazi hata hatashtuka sana.

Kama kuna mtu nyumbani anatumia insulini au vidonge vya kisukari kama glibenklamidi, msipunguze chakula chake kabla ya kuongea na daktari, maana dozi ile ile kwa chakula kidogo inaweza kushusha sukari hadi akazimia. Vivyo hivyo kwa anayetumia dawa za presha. Na aliyeanza kupungua bila kubadilisha chochote aende hospitali akapimwe.