Mandari na Mzigo wa Jaa

Kila kaskazi inaposhika na joto likazidi majumbani, watu wa visiwa hivi huondoka kwa makundi kwenda mandari. Huchukuliwa samaki, mihogo, nazi na majamvi. Moto ukawashwa chini ya mivinje, na siku ikapita kwa furaha. Hatuna neno na furaha hiyo. Aliyefanya kazi mwaka mzima anastahili siku moja ya upepo wa pwani. Neno letu ni juu ya hali ya pwani hiyo siku ya pili yake.

Siku ya pili mpita njia hukuta vikombe vya plastiki vilivyojaa mchanga, vibakuli vyeupe vya kutupa, chupa za maji zilizonywewa nusu, na wali uliomwagwa unaogombaniwa na kunguru, ndege ambao kwa hakika hawahitaji msaada wetu wa kuzaliana. Mifuko ya nailoni ilipigwa marufuku Zanzibar tangu mwaka 2006, miaka 13 kabla ya Tanzania Bara kufanya hivyo tarehe 1 Juni 2019. Lakini mfuko ulipofukuzwa mlangoni, jamaa zake waliingia kwa dirishani.

Yafaa ifahamike kwamba kisiwa hakina mahali panapoitwa "huko mbali". Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Zanzibar watu 1,889,773. Taka za mjini zinazozolewa hupelekwa jaa la Kibele, na Kibele iko Unguja hii hii. Chini ya sehemu kubwa ya ardhi yetu mna mawe ya matumbawe yenye matundu, na humo ndimo yalimo maji ya visima tunayokunywa. Kile kinachoachwa ufukweni huchukuliwa na bamvua. Kasa akiona mfuko unaelea hudhani ni yavuyavu, akaumeza. Na kasa ndio wale wapandao kutaga katika fukwe za Misali, ambazo watu wa Pemba wanajivunia.

Jawabu la tatizo hili halihitaji kuagizwa ng'ambo. Wazee wetu walilisha harusi nzima bila ya kuacha kitu cha kuzolewa. Sinia moja lilitosha watu wanne au watano. Kawa likazuia nzi. Birika na bakuli vikapita kwa kunawa. Kata ya kifuu ikachota maji. Samaki alifungwa katika jani la mgomba, na jani hilo, kazi yake ikisha, likaliwa na mbuzi. Vitu vilibebwa kwa pakacha. Leo mwenye karamu huona haya kuwakalisha wageni wake kwenye sinia, akanunua sahani mia za kutupa ili aonekane mstaarabu. Ustaarabu gani huo unaodumu robo saa mkononi na miaka mingi baharini?

Kinywaji nacho kisitusumbue. Dafu ni chupa iliyojazwa na Mwenyezi Mungu, na kumbi lake likikauka huwashia moto wa safari nyingine.

Juu ya moto tuna maneno zaidi. Makaa mengi hutokana na miti iliyokatwa, na tanuri la udongo hula kilo tano za kuni na zaidi kutoa kilo moja tu ya makaa. Wako hata wanaoichoma mikoko, ambayo ndiyo kinga ya pwani na malezi ya samaki huyohuyo tunayetaka kumchoma. Vifuu vinavyotupwa nyuma ya kila jiko vinatosha kwa mishkaki na changu. Vinapowashwa hutoa ndimi kubwa na moshi. Asubiriwe mpishi mwenye subira mpaka viwe makaa mekundu, ndipo samaki awekwe. Wala plastiki isitiwe motoni kwa kisingizio cha kusafisha, kwani moshi wake ni sumu na huingia katika chakula. Moto nao uzimwe kwa maji ya bahari, usifukiwe. Makaa yaliyofukiwa mchangani hukaa na joto kwa saa nyingi, na anayeyagundua kwa kawaida ni mtoto anayekimbia pekupeku.

Tena, mchele upimwe. Kilo moja, pamoja na samaki na muhogo, huwashibisha watu wanane. Kupika mara mbili ya haja kwa kuogopa kusemwa ni israfu, hata ikiitwa ukarimu.

Sasa tunawageukia ndugu zetu wa maofisini. Mwananchi huiga anachokiona. Anapoalikwa kwenye semina akakuta mbele ya kila kiti chupa ndogo ya maji, hawezi kuyasadiki maneno ya mazingira yanayosemwa jukwaani. Mtungi wa lita 20 na gilasi za kuosha havizidi uwezo wa ofisi yoyote. Vilevile misikiti na mitaa mingi ina vyombo vya shughuli, masufuria na masinia, ambavyo jirani huazima kwa harusi au msiba. Tunapendekeza kila shehia isiyo navyo isaidiwe kuvipata, vihifadhiwe chini ya daftari la sheha, na viazimwe kwa mandari kama vinavyoazimwa kwa arusi. Mwenye karamu atavichukua Ijumaa, na Jumatatu atavirejesha kwa hesabu, vimesuguliwa kwa majivu ya moto wake mwenyewe.