Barua Pepe ya Biashara: Kuzuia Barua Taka Bila Kupoteza Zabuni

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi anapoomba zabuni ya serikali, mara nyingi majibu humfikia kwa barua pepe. Akishindwa na asiridhike, Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 inampa siku 14 tangu kuarifiwa ili apeleke ombi la uamuzi huo kuangaliwa upya. Ikiwa barua ya kumwarifu ilitupwa katika folda ya taka na akaiona wiki ya tatu, atakuwa na kazi ngumu ya kueleza kwa nini amechelewa. Hali ni hiyo hiyo kwa LPO, kwa notisi za KRA na kwa mteja aliyeomba bei leo asubuhi na anataka jibu kabla ya saa kumi.

Upande wa pili nao una hatari yake. Ukifungua mlango kwa kila barua, siku moja itaingia ile inayosema kwamba msambazaji wako wa saruji amebadilisha akaunti ya benki, na pesa ziende huko.

Makala haya yanawahusu wenye biashara ndogo, vyama vya akiba na mikopo, shule za kibinafsi, zahanati na hoteli ambazo anwani zao huishia kwa jina la biashara yenyewe, mathalani mauzo@mfano.co.ke. Yanawahusu zaidi wale walioweka seva yao wenyewe ya barua pepe, au waliomwajiri kijana wa kompyuta awawekee na sasa hawajui anafanya nini humo ndani.

Je, unahitaji seva yako?

Tuseme wazi kwamba biashara nyingi za watu chini ya kumi hazihitaji. Kukodi huduma ya barua pepe kwa kampuni inayojua kazi hiyo kunakuondolea usiku mwingi wa kukesha. Seva yako mwenyewe ina maana ukiwa na mtu anayeweza kuiangalia kila wiki, ukiwa na sababu ya kutaka barua zikae mahali unapopajua, au ukiwa na akaunti nyingi kiasi kwamba ada ya kila mwezi kwa kila mtumiaji imekuwa mzigo.

Usijaribu kuiweka kwenye intaneti ya kawaida ya nyumbani au ya simu. Kampuni nyingi za intaneti hufunga mlango nambari 25, ambao seva hutumia kupelekeana barua, na anwani ya IP unayopewa hubadilika au unaitumia pamoja na wateja wengine. Seva ya barua inataka anwani ya IP isiyobadilika. Ndiyo maana wengi hukodi seva ndogo katika kituo cha data na kuweka humo programu za bure kama Postfix ya kupokea na kutuma, Dovecot ya kuwasomea watumiaji barua zao, na SpamAssassin au Rspamd ya kuchuja.

Hata ukikodi huduma nzima, sehemu ya makala haya inayohusu rekodi za jina lako bado ni jukumu lako.

Chujio linavyofanya kazi

Barua taka si jambo geni. Ile inayotajwa kuwa ya kwanza ilitumwa Mei 1978 na Gary Thuerk, mfanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation ya Marekani, kwa watu karibu 400 waliokuwa kwenye mtandao wa ARPANET. Alikuwa akitangaza kompyuta. Tofauti ya leo ni wingi, na kwamba anayetuma mara nyingi hataki kukuuzia chochote. Anataka nenosiri lako.

Chujio zuri hufanya kazi kwa hatua, kama bawabu, karani na meneja. Bawabu huangalia anayebisha hodi kabla hajasoma barua yenyewe. Seva inayotaka kuleta barua ina anwani ya IP, na kuna orodha za anwani zinazojulikana kwa kutuma taka. Orodha ya Spamhaus ndiyo maarufu zaidi. Seva yako huuliza orodha, na jibu likiwa kwamba anwani hiyo imo, mlango haufunguliwi.

Hapa pana mtego unaowanasa wengi. Seva nyingi zimewekwa zitumie huduma ya DNS ya umma, ile ya Google ya 8.8.8.8 kwa mfano. Spamhaus haiwajibu wanaouliza kupitia njia hiyo. Hurudisha alama ya kosa inayoanza na 127.255.255. Seva isiyoelekezwa vizuri huisoma alama hiyo kama jibu la “ndiyo, huyu ni mtuma taka”, na hapo hukataa kila barua kutoka kwa kila mtu, pamoja na ile ya zabuni. Dawa ni kuweka huduma ndogo ya DNS ndani ya seva yako yenyewe, Unbound kwa mfano, na kuielekeza Postfix ikubali tu majibu halisi ya orodha, si yale ya kosa. Soma pia masharti ya matumizi, kwa sababu huduma ya bure ya Spamhaus ina mipaka kwa wanaofanya biashara.

Karani naye hukagua vitambulisho. Mtu yeyote anaweza kuandika juu ya barua pepe kwamba imetoka benki, kama vile mtu anavyoweza kuandika jina lolote nyuma ya bahasha. Rekodi tatu ziliundwa ili kuziba pengo hilo. SPF ni tangazo la mwenye jina kwamba barua zake hutoka kwenye seva hizi na hizi tu. DKIM ni saini ya kidijitali inayobandikwa kwenye kila barua, na ikibadilishwa njiani, saini hailingani. DMARC huangalia kama jina linaloonekana kwa msomaji linalingana na lile lililothibitishwa na SPF au DKIM, kisha hueleza la kufanya zisipolingana: iache ipite, iwekwe kando, au ikataliwe.

Barua ikipita hapo, meneja huisoma. SpamAssassin huipa alama kwa kila jambo la kutiliwa shaka, na kuipunguzia kwa kila jambo zuri. Kiwango cha kawaida ni alama 5, na inayofikia hapo huitwa taka. Usikimbilie kukishusha hadi 3 eti kwa sababu taka mbili zimepita wiki hii. Kila ukishusha, unaongeza uwezekano wa kunasa barua halali, na kwa mfanyabiashara barua halali moja iliyopotea ina gharama kubwa kuliko taka ishirini zilizofutwa kwa kidole.

Jambo lenye faida zaidi kwetu ni kulifunza chujio lugha yetu. SpamAssassin ina sehemu inayojifunza kutokana na mifano, lakini haianzi kufanya kazi mpaka ionyeshwe angalau barua taka 200 na barua halali 200. Chujio linalofunzwa kwa Kiingereza pekee haliwezi kujua kwamba “naomba kotesheni ya mabati ya geji 30” ni mteja wa kweli, wala kwamba “umeshinda, tuma ada ya usajili” ni ulaghai. Kusanya barua zako mwenyewe za Kiswahili, Kiingereza na hata Sheng, uzigawe katika mafungu mawili kwa uangalifu, kisha ulilishe chujio. Waagize wafanyakazi wawe wakihamishia taka kwenye folda ya taka badala ya kuzifuta, na kurudisha zile zilizonaswa kimakosa. Hiyo ndiyo shule ya chujio.

Mbinu nyingine ni ya kuchelewesha. Seva humwambia mgeni asiyejulikana, “rudi baadaye”. Seva halali hurudi baada ya dakika chache, na programu nyingi za taka hazirudi. Inasaidia, ila zile nambari za siri za kuingilia benki au tovuti za serikali, ambazo huisha muda upesi, nazo zitachelewa. Kwa biashara ya leo, binafsi ningeiacha, au niitumie tu kwa barua ambazo tayari zina dalili mbaya.

Usifute kimya kimya. Barua yenye alama za wastani iende kwenye folda ya taka ya mtumiaji, aione. Ile mbaya kabisa ikataliwe mlangoni, mtumaji angali ameunganishwa na seva yako, ili kama ni mtu halali apate taarifa kutoka kwa seva yake kwamba haikufika. Kuipokea kwanza halafu kuituma nyuma si vizuri, kwa kuwa anwani ya mtumaji wa taka huwa imeghushiwa na utamsumbua mtu asiye na hatia.

Na usimpe mtu ruhusa ya kudumu kwa kuangalia jina lake tu. Ukiandika kwamba kila barua inayodai kutoka kra.go.ke ipite bila kukaguliwa, umemfungulia njia kila anayeweza kulighushi jina hilo. Toa ruhusa hiyo kwa barua ambazo vitambulisho vyake vimethibitishwa.

Kwa nini barua zako huenda kwenye taka za wengine

Malalamiko haya husikika zaidi kuliko ya taka zinazoingia. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo hudai kwamba kila anayetuma barua awe na SPF au DKIM, na wanaotuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku wawe na zote mbili pamoja na DMARC. Malalamiko ya taka nayo yasifike asilimia 0.3. Hata ukituma barua kumi tu kwa siku, weka zote tatu.

SPF ya seva moja ni mstari mmoja mfupi: v=spf1 mx -all. Maana yake ni kwamba seva inayopokea barua zangu ndiyo pia inayozituma, na wengine wote si mimi. Lakini kama programu ya uhasibu hutuma ankara kwa niaba yako, au tovuti yako hutuma risiti, nazo lazima zitajwe humo, la sivyo ankara zako zitakataliwa. Jina moja huwa na rekodi moja tu ya SPF. Kuweka mbili, kosa la kawaida mtu anapobadilisha kampuni, huziharibu zote.

Kwa DMARC, anza na p=none, ambayo haizuii kitu ila inakuletea ripoti za nani anatuma kwa jina lako. Zisome kwa wiki chache. Ukiridhika kwamba barua zako zote halali zinapita, panda hadi quarantine, kisha reject. Anayeruka moja kwa moja hadi reject hugundua mwisho wa mwezi kwamba taarifa za madeni hazikumfikia mteja hata mmoja.

Rekodi ya nne husahaulika kwa sababu haiwekwi mahali ulipolipia jina la .co.ke. Ni PTR, inayotafsiri anwani ya IP kuwa jina. Huwekwa na kampuni inayokukodisha seva au intaneti. Wapigie simu uwaombe, na uhakikishe jina hilo nalo linaelekeza kwenye anwani ile ile.

Nenosiri moja dhaifu

Seva nyingi ndogo huingia kwenye orodha za marufuku kwa sababu mfanyakazi mmoja alikuwa na nenosiri kama jina la duka na mwaka. Mwizi akilipata, hutuma maelfu ya barua usiku mmoja, na asubuhi hakuna anayepokea barua zako. Weka kikomo cha barua ambazo akaunti moja inaweza kutuma kwa saa. Kwa karani wa ofisi, mia moja zinatosha. Weka Fail2ban ili anayekosea nenosiri mara kadhaa afungiwe. Watumiaji watume kupitia mlango 587 au 465, kwa njia iliyosimbwa, na seva isikubali kamwe kupeleka barua za mgeni kwa mgeni mwingine.

Kila Jumatatu angalia foleni kwa amri ya mailq. Ukikuta barua mia tano zinasubiri na nyinyi ni watu sita, kuna jambo. Angalia pia nafasi ya diski, sasisho za programu, na cheti cha usalama. Vyeti vya bure vya Let's Encrypt vimekuwa vikidumu siku 90 tu, kwa hiyo hakikisha vinajihuisha vyenyewe. Na nakala za akiba zikae nje ya seva hiyo.

Lipo shambulio ambalo chujio halitalikamata. Akaunti halisi ya msambazaji wako ikitekwa, barua ya kubadilisha benki itatoka kwenye seva halali, ikiwa na saini halali, ikijibu mazungumzo yenu ya wiki iliyopita. Weka sharti ofisini kwamba akaunti ya benki haibadilishwi mpaka mtu apige simu, kwa nambari mliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa kwenye barua hiyo.

Seva yako ikivunjwa na data za wateja zikachukuliwa, na kuna hatari ya kweli kwao, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakutaka umjulishe Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72 tangu ulipofahamu. Sheria hiyo hiyo inakuzuia kutumia anwani za wateja kuwatumia matangazo bila ridhaa yao. Mashambulizi ya mtandaoni huripotiwa kwa kituo cha KE-CIRT/CC kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na wizi wa pesa kwa polisi. Kama pesa zimeshatumwa, ipigie benki yako simu kwanza, kabla ya hayo yote, na usizifute kumbukumbu za seva wala barua yenyewe ya ulaghai.