Poka kwa Mcheza Turufu

Katika visiwa vya Wilaya ya Muleba, Goziba na Bumbire na Ikuza, mwezi unapokuwa mpevu wavuvi wa dagaa huzipandisha pwani mashua zao, kwa kuwa taa hazina nguvu ya kuwavuta samaki mbele ya nuru ya mbalamwezi, na katika siku hizo za mapumziko karata hutoka mifukoni. Kadhalika huku bara, vibarazani mwa Bukoba na usiku kucha ndani ya meli itokayo Mwanza, hawakosekani watu wanne waliokaa mviringo wakihesabu turufu. Baadhi yao sasa wameijua poka kwa njia ya simu, nao ndio ninaowakusudia, maana naamini kwa dhati kwamba mcheza turufu hodari amekwisha kuwa na nusu ya elimu ya poka, na kwamba nusu iliyobaki, ambayo ndiyo humfilisi, si elimu ya karata bali ni elimu ya bei.

Katika turufu karata zote huishia mezani, hivyo mwenye kumbukumbu hujua ree ipi imekwisha toka na mzungu yupi angali mkononi mwa mwenzake. Katika poka ya Texas, ambayo ndiyo iliyoenea duniani, kila mtu hupewa karata mbili za siri, kisha tano hufunuliwa katikati, kwanza tatu, halafu moja, halafu moja, na kila hatua ina madau yake. Na aghalabu mkono huisha wote ila mmoja wakiwa wamezitupa karata zao, pasipo mtu yeyote kuonyesha alichokuwa nacho. Kwa hiyo swali la kujiuliza si nani ana karata bora, jambo ambalo ni muhali kulijua kwa yakini, bali ni je, bei ninayotakiwa kulipa yalingana na nafasi niliyo nayo?

Tuchukue mfano. Katikati pana shilingi 60,000, na mwenzako ameweka 30,000. Wewe una kopa mbili mkononi, na mbili nyingine zimefunuliwa mezani, ikabaki karata moja tu. Ukipata kopa nyingine, zikatimia tano za aina moja, tuseme umeshinda. Walipa 30,000 ili ulipate fungu litakalokuwa 120,000, yaani unahitaji nafasi ya asilimia 25. Kopa ni 13, nne umekwisha ziona, zimebaki tisa. Na karata usizoziona zote ni 46. Tisa katika 46 haifiki asilimia 20. Bei ni ghali, na wajibu wako ni kuzitupa karata, ila ukiwa na hakika kwamba kopa ikitokea mwenzako atalipa zaidi. Lau angaliweka 15,000 tu, ungalilipa 15,000 kwa fungu la 90,000, chini kidogo ya asilimia 17, na kulipa kungalikuwa ni haki. Wakulima wa Kagera wanaijua hesabu hii kwa upande wake mchungu: mnunuzi wa butura, anayeinunua kahawa ingali maua mtini, hatoi kamwe bei ya kahawa iliyokwisha anikwa, kwa sababu amekwisha kata thamani ya ukame na ya wadudu, na dhuluma ya biashara ile, ambayo serikali imeipiga marufuku, ni kwamba yeye ana nafasi ya kuipiga hesabu ilhali mkulima amebanwa na ada ya shule. Mezani hakuna aliyekubana. Ukilipia maua bei ya kahawa kavu, umejidhulumu mwenyewe.

Sasa tuje kwenye mashindano, ambako hata wajuzi wa hesabu hiyo huteleza, kwa kuwa humo chipu, yaani vipande vya kuwekea madau, si fedha. Tuseme wamebaki wachezaji wanne wenye chipu sawasawa, na zawadi ni tatu: 500,000, 300,000 na 200,000. Kila mmoja ana haki ya 250,000. Wawili wakiweka chipu zao zote, mshindi atakuwa na nusu ya chipu za meza nzima, lakini thamani yake haitakuwa 500,000. Kwa kanuni iliyoenezwa na Mason Malmuth katika miaka ya 1980, ambayo hukadiria nafasi ya kila mtu ya kuwa wa kwanza, wa pili au wa tatu kwa kadiri ya chipu zake, thamani hiyo ni kiasi cha 383,000. Amehatarisha 250,000 ili apate nyongeza ya 133,000, na biashara hiyo haina faida mpaka awe na nafasi ya kushinda ipitayo asilimia 65. Na nyongeza ya wale wawili waliokaa kimya? Kila mmoja amepanda hadi 308,000 pasipo kugusa karata. Mwenye kuielewa hesabu hii hatakubali tena kupambana kwa hamaki karibu na mlango wa zawadi.

Subira hiyo, hata hivyo, ina mpaka wake. Madau ya lazima, dogo na kubwa, yawekwayo kwa zamu kabla ya karata kugawiwa, hupanda kila baada ya muda, na chipu zako zikishuka chini ya mara kumi ya dau kubwa la lazima, kulipa kidogo kidogo ni kujimaliza. Ama uweke zote, ama uzitupe karata. Na ni afadhali uwe wewe wa kwanza kuweka kuliko kuwa mwenye kulipa, kwa kuwa mwekaji hushinda kwa njia mbili, wenzake wakiogopa au karata zake zikiwa bora, ilhali mlipaji ana njia moja tu.

Mchezo wa mtandaoni ulipata sifa mwaka 2003, Chris Moneymaker, mhasibu wa Marekani aliyeingia kwa shindano dogo la intaneti lililomgharimu chini ya dola 100, alipowashinda watu 838 waliokutana Las Vegas, akatwaa dola milioni 2.5. Kisa hicho ni kweli, nacho kimewapoteza wengi. Mtandaoni mikono hupita upesi mara mbili au tatu kuliko mezani, na makosa vivyo hivyo. Nyuso hazionekani, kwa hiyo chunguza ukubwa wa dau na muda mtu anaochukua kuamua, ukayaandike. Mnamo Januari 2017 programu iitwayo Libratus, ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, iliwashinda mabingwa wanne katika mikono 120,000, na siri yake mojawapo ilikuwa kuchanganya: mkono uleule safari hii iliuwekea dau, safari nyingine ikanyamaza, wasipate kuifahamu desturi yake. Jifunze hayo, na pia uhadhari, kwani mashine za namna hiyo zaweza kuwa mbele yako mezani bila ya wewe kujua.

Kwa kawaida katika kila washiriki 100 hulipwa 10 hadi 15 tu, hivyo hata fundi hushindwa mara nyingi zaidi kuliko anavyolipwa; ndiyo maana wachezaji makini hutenga fedha za viingilio 100 kabla ya kuanza, nazo si fedha za chakula wala za mbolea. Angalia pia ada: kiingilio cha 11,000 ambacho 1,000 huenda kwa mwenye mchezo kinakutaka uwashinde wenzako kwanza, ndipo uilipe ada hiyo, ndipo upate faida. Kwa Mwislamu, ambaye dini yake imeharamisha kamari, na kwa kila asiyetaka kuhatarisha senti, hesabu zote hizi hufanyika vizuri kwa punje za maharage.

Anayetaka kucheza kwa fedha na awe ametimiza miaka 18, kisha aulize kama mwenye mchezo ana leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2003, kabla hajatuma shilingi kwa simu. Kwani katika shindano lisilo na msimamizi, hata ukiwashinda wote kwa hesabu safi, huna pa kwenda kuidai zawadi yako.